Kiingilio buku, kuona migomba ya shangazi

Shangazi yangu anaishi Makanyagio, hapa Mpanda mjini, kwenye kiwanja ambacho ukipita barabarani huoni nyumba. Unaona migomba. Nyuma ya migomba kuna mipapai, nyuma ya mipapai kuna mianzi na miwa, na chini kabisa magimbi yenye majani mapana kuliko sinia la pilau. Pasheni imetambaa mpaka kileleni mwa mwembe. Watoto wa mtaa wanapaita "hifadhini", na siku wakiamka wakorofi wanakuja getini, wanalia kama fisi, kisha wanatimua mbio.

Watu wazima hawacheki sana. "Mwalimu, fyeka hapo, unafuga nyoka," wanamwambia. Shangazi ni mwalimu mstaafu, na ukimwambia fyeka anakujibu kwa sauti ileile ya darasani kwamba uje Agosti.

Na kweli, Agosti ndipo unapomwelewa. Kiangazi cha Mpanda wote tunakijua: vumbi hadi kwenye mswaki, miti imebaki vijiti, mbwa wanahema. Kwake kuna kivuli na kijani, kwa sababu hakuna tone la maji linalomwagwa bure. Maji ya kuoga na ya kufulia yanapita kwenye mfereji mdogo kutoka bafuni moja kwa moja hadi kwenye mashina ya migomba. Mwezi huo majirani wanaosema afyeke ndio haohao wanaoleta vigoda na kukaa chini ya mwembe wake, wamebanana kama viboko kwenye madimbwi ya Mto Katuma maji yanapopungua.

Mwaka jana, Jumamosi moja ya mwezi wa nne, tulifungua geti hilo kwa yeyote mwenye shilingi elfu moja. Fedha zilikuwa za kina mama walio wodini na watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Wasomaji kadhaa wa safu hii wameniuliza jinsi ilivyofanyika ili nao wafanye kwao. Nitaeleza, ila nitaeleza pia kosa nililofanya mimi mwenyewe, kwa sababu siku hiyo nusura limgharimu mtoto wa watu maisha.

Wazo lilianzia wodini, miaka mitatu iliyopita.

Mwanangu alizaliwa mimba ikiwa na wiki 32. Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37 anahesabiwa njiti, na wangu alikuwa na kilo 1.6. Nilikaa naye hospitali siku 23, amefungwa kifuani kwangu ngozi kwa ngozi, kwa utaratibu ambao wauguzi wanauita kangaruu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2022 kwamba mtoto wa namna hii aanze kubebwa hivyo mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kila siku. Kabla ya hapo nilikuwa nimeandika makala mbili kuhusu kangaruu. Katika zote mbili sikuandika kwamba mama anasikia njaa.

Hesabu mwenyewe. Umembeba mtoto karibu siku nzima na usiku kucha. Unakamua maziwa kila baada ya saa mbili au tatu, na maziwa hayatoki kwa miujiza. Huwezi kuinama jikoni na njiti kifuani. Lazima mtu akuletee chakula. Mimi niliye na shangazi nililetewa asubuhi uji, mchana ndizi na mchicha, jioni magimbi ya nazi. Ukiondoa unga na nazi, kila kitu kilitoka kwenye lile pori lake.

Kitanda cha jirani alikuwepo mama wa kutoka vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, upande wa Karema. Uchungu ulipombana kabla ya siku zake, aliletwa kwa gari la dharura, lile la mjamzito na mtoto mchanga linaloitwa kwa namba ya bure 115. Matibabu ya mjamzito na ya mtoto chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali hayalipiwi, na kwake haikulipiwa. Lakini mumewe alikuwa na watoto wengine watatu nyumbani, akarudi. Ndugu mjini hana. Siku ya tatu nilimwona akikwangua ukoko kwenye hotpoti ya mwenzake wa kitanda cha tatu, amegeukia ukutani ili tusimwone.

Nilimwambia shangazi. Kesho yake alikuja na hotpoti mbili, na akaendelea hivyo hadi yule mama aliporuhusiwa. Mimi niliporudi nyumbani nilidhani habari imeishia hapo. Wiki moja baadaye, akinipakatia mtoto, shangazi akauliza: "Hivi huyo aliyelala kile kitanda sasa hivi, anakula nini?"

Sikuwa na jibu. Naye ana pensheni ya mwalimu, si ya waziri.

Jibu lilikuja usiku, kwenye simu, wakati nikinyonyesha. Mama anayenyonyesha usiku husoma chochote ili asilale na mtoto kifuani, na mimi nilijikuta nasoma habari za bustani za Uingereza. Huko kuna utaratibu unaoitwa National Garden Scheme. Mwenye bustani nzuri nyumbani kwake anapanga siku, anafungua geti, wageni wanalipa kiingilio, wanakunywa chai na keki za kulipia, na fedha zinakwenda kwa wauguzi na wanaohudumia wagonjwa. Si kitu cha jana. Ulianza mwaka 1927. Mwanamke aitwaye Elsie Wagg, aliyekuwa kwenye baraza la taasisi ya kuwasaidia wauguzi wanaowafuata wagonjwa majumbani, alisema ni hasara bustani zote hizo nzuri kutazamwa na wachache. Mwaka huo bustani 609 zilifunguliwa, kiingilio shilingi moja ya huko, zikapatikana zaidi ya pauni 8,000. Hata Mfalme George V alifungua bustani ya nyumba yake ya Sandringham.

Na hao wauguzi wenyewe walianza na msiba wa nyumba moja. Mfanyabiashara wa Liverpool, William Rathbone, aliuguliwa na mkewe hadi akafariki. Mwaka 1859 alimwajiri muuguzi aliyemhudumia marehemu, Mary Robinson, akamtuma awahudumie maskini wa mji kwenye nyumba zao, kwa sababu aliwaza: kama sisi wenye uwezo tumeteseka hivi, wasio na kitu je? Ni swali lilelile la shangazi, isipokuwa yeye aliliuliza Makanyagio.

Lakini kilichonifanya nicheke peke yangu saa nane za usiku ni picha. Kuna Waingereza wenye mapenzi na bustani za mtindo wa msituni, katikati ya mji, tena nyumba kwa nyumba. Huko Norwich alikuwepo Will Giles, aliyefariki mwaka 2015, ambaye alijaza mteremko wa kwake mimea ya nchi za joto na watu wakaja kutoka mbali kutembea humo. Nikavuta picha karibu. Mgomba. Gimbi. Mnyonyo. Mianzi. Baridi ikikaribia, mgomba unafungwa nyasi kavu na kitambaa shina zima usife, yaani unavishwa sweta. Asubuhi nilimwonyesha shangazi. Akavaa miwani, akatazama muda mrefu.

"Wanalipa kuona magimbi?"

"Wanalipa, shangazi."

"Mzungu amekusudia kweli," akasema. Kisha akatoka nje, akasimama anatazama kiwanja chake kama mtu anayepima kitambaa.

Ikapita miaka miwili ya maneno kabla ya vitendo, kama ilivyo kawaida yetu. Mwaka jana ndipo tulipoanza.

Hatua ya kwanza ilikuwa mwenyekiti wa mtaa na ofisi ya mtendaji wa kata, kwa maandishi. Nasisitiza hili. Kukusanya fedha za watu kwa jina la wagonjwa bila uongozi kujua ni kujitafutia kesi, hata kama nia yako ni safi kama pamba. Hatua ya pili ilikuwa hospitali. Tulimwendea muuguzi kiongozi wa wodi tukamuuliza wanahitaji nini, badala ya kuamua sisi. Aliomba unga wa uji, sukari, sabuni, kanga safi na chupa kubwa za chai. Akatuonya tusilete maziwa ya kopo wala chupa za kunyonyeshea, kwa sababu njiti anahitaji maziwa ya mama yake kuliko mtoto mwingine yeyote, na kopo moja la msaada linaweza kumkausha mama matiti. Nilijua. Nilifurahi kusikia akimwambia shangazi, maana shangazi alishapanga kununua.

Mwenyekiti ndiye aliyetuletea hoja nzito. Alisema hawezi kuwaalika watu kwenye kiwanja kinachozalisha malaria. Nilijiandaa kubishana naye, maana kama mwandishi wa afya nimeshachoka kusikia kwamba nyasi zinaleta malaria. Mbu wa malaria hutaga kwenye maji yaliyotuama, hatagi kwenye nyasi. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi mbili, kwa hiyo ukimwaga kila maji yaliyosimama mara moja kwa wiki unakuwa umekata mnyororo. Lakini mzee alikuwa na haki kwa upande mwingine. Pale jani la mgomba au la gimbi linapoungana na shina pana kikombe kidogo kinachokinga mvua. Watafiti waliofanya kazi Bwamba, magharibi mwa Uganda, miaka ya 1940 waliwakuta mbu wanaoeneza homa ya manjano wakizaliana kwenye vikombe hivyo hivyo. Si wale wa malaria, lakini ni mbu, na wanauma mchana. Kwa hiyo tulikubaliana: tupunguze magimbi yaliyosongamana kando ya njia, mfereji wa bafuni usitirishwe maji, na ziara iwe saa nane hadi saa kumi na moja jioni, watu watoke kabla giza halijaingia na mbu wa malaria hawajaanza kazi.

Kuhusu nyoka tulifanya yale ya kawaida. Tulitoa rundo la kuni na matofali ya zamani, kwa sababu panya anakaa humo na nyoka anamfuata panya. Tulifyeka njia ikawa pana kiasi cha watu wawili kupishana, na kwenye tangazo tukaandika viatu vya kufunika miguu. Nusu ya wageni walikuja na ndala. Tuliwaruhusu njia kuu tu.

Sasa nije kwenye mnyonyo.

Shangazi alikuwa na minyonyo mitatu mikubwa, ile yenye majani mekundu yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Mafuta ya nyonyo tunayajua sote, hakuna saluni Mpanda isiyokuwa nayo. Wiki moja kabla ya siku yenyewe shangazi alisema anaikata, inazuia njia. Mimi nikakataa. Nilikuwa nimeona mnyonyo mwekundu kwenye picha za Uingereza, unasifiwa kuwa ndio pambo la bustani ya msituni. "Uache, shangazi, ndio watu watakaopigia picha." Nilijua mbegu zake zina sumu. Nikachukua mkasi, nikakata vichala vyote nilivyoviona, nikatia kwenye mfuko. Nikasimama, nikatazama juu, nikaridhika.

Mimi nina urefu wa mtu mzima. Sikutazama chini.

Siku ilikuwa nzuri. Watu walikuja wengi kuliko tulivyotarajia, tukaishiwa vikombe vya kukodi. Walimu wenzake wa zamani walikuja na vitenge vyao vya sherehe. Baba mmoja aliyehamia hapa kutoka Dodoma alisimama kwenye mgomba robo saa akiuliza maji yanatoka wapi, na aliposikia ni ya kuogea akaomba aonyeshwe mfereji. Akina mama walinunua miche ya mchaichai. Mzee mmoja alilipa elfu moja yake, akaenda moja kwa moja kwenye kigoda chake cha Agosti chini ya mwembe, akakaa hadi mwisho bila kutembea popote. Nadhani alikuwa akilipia madeni.

Saa kumi kasoro nikasikia mwanamke anaita jina la mtoto kwa sauti ambayo mzazi yeyote anaitambua. Mvulana wa miaka minne alikuwa amechuchumaa chini ya mnyonyo, ngumi imejaa mbegu. Nyonyo iliyokomaa ni nzuri, hilo tusilifiche: inang'aa kama shanga, ina madoadoa, umbo lake kama kupe aliyeshiba. Zilikuwa zimedondoka kwenye majani makavu wiki nzima. Mdomoni alikuwa na vipande. Alikuwa ametafuna.

Hapo ndipo tofauti ilipo, na ningependa kila mzazi aijue. Nyonyo ikimezwa nzima, ganda lake gumu linaweza kupita nayo hadi chooni bila madhara makubwa. Ikitafunwa, sumu iitwayo risini inatoka. Haimwangushi mtoto papo hapo. Anaweza kucheza saa kadhaa kama hakuna kitu, kisha aanze kutapika, tumbo kumkata na kuharisha, wakati mwingine damu, hadi mwili unaishiwa maji. Hakuna dawa ya kuivunja sumu hiyo. Anachofanyiwa ni kuongezewa maji na kuangaliwa kwa karibu, na ndiyo sababu kuwahi ni bora kuliko kusubiri dalili. Mafuta ya dukani si tatizo hilo, sumu hubaki kwenye mashudu, ingawa mjamzito asiyanywe ili kuharakisha uchungu, na hili najua linafanyika.

Tulimtoa vipande kinywani kwa kidole kilichofungwa kitambaa chenye maji. Bibi mmoja akasema apewe maziwa, mwingine mkaa wa kusaga, mwingine atiwe kidole kooni atapike. Hayo yote matatu msifanye, wala mafuta ya kula. Kumtapisha mtoto kunaweza kumpalia. Nilichukua mbegu mbili na jani moja kwenye mfuko ili daktari aone kwa macho yake, tukapanda bodaboda, mama na mtoto mbele, mimi nyingine nyuma.

Njiani hakusema neno. Tulipofika mapokezi, mtoto alipochukuliwa, ndipo akanigeukia.

"Dada, umenilipisha buku nimlishe mwanangu sumu."

Sikumjibu. Hata sasa sina la kumjibu.

Saa nne usiku mtoto alianza kutapika. Akawekewa dripu. Nilikaa kwenye benchi la nje usiku mzima, na ukumbi ule ule unaelekea wodi ya njiti, kwa hiyo kila baada ya muda alipita mama mmoja na mtoto kifuani akienda kujisaidia, akaniuliza nauguza nani. Kutapika kulikoma alfajiri. Aliruhusiwa siku ya pili, anadai chipsi. Leo ni mzima, ukimwona huwezi kujua.

Nyumbani shangazi alifunga geti dakika ileile tulipoondoka. Aliwaeleza wageni ukweli bila kuupamba, akamtaka kila mzazi akague mifuko na mikono ya mtoto wake kabla hajatoka. Mtoto mwingine alikutwa na nyonyo mbili mfukoni, za kuchezea. Usiku huo, kwa tochi, aliing'oa minyonyo yote mitatu peke yake, akaifukia shimoni. Niliporudi asubuhi nilikuta mikono yake imechubuka. Hakunilaumu, na ingekuwa nafuu angenilaumu.

Wiki iliyofuata nilifanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Nilivaa suruali ya zamani nikapiga magoti getini, nikatambaa njia nzima kama mtoto. Mwanangu, ambaye wakati huo alikuwa anakaribia miaka miwili, alifikiri ni mchezo, akanitangulia. Yeye ndiye aliyenionyesha. Chini ya jani la gimbi palikuwa na kopo la rangi lililojaa maji na viluwiluwi vya mbu wakicheza humo, na mimi nilikuwa nimemhakikishia mwenyekiti kwamba nimemwaga yote. Betri mbili za redio zilizovuja. Chupa ya soda yenye masalia ya dawa ya kuua wadudu, imeegeshwa kwenye shina la mgomba, kimo cha kufikiwa na mkono mdogo. Na mfereji wa bafuni, ambao kwangu ni wa kuruka, kwake ulikuwa wa kuingia hadi magotini. Mtoto wa umri ule anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha kiganja.

Jambo jingine ambalo huoni mpaka uwe pale chini ni utomvu. Uzio wa nyuma wa shangazi ni wa minyaa, ile ambayo wengine mnaiita manyara, na matawi yake yaliyovunjika yananing'inia usawa wa macho ya mtoto wa miaka mitatu. Maziwa ya mnyaa yakiingia jichoni yanaunguza na yanaweza kuharibu kuona. Yakiingia, usisugue, usitie maziwa ya mama wala asali. Osha kwa maji safi yanayotiririka kwa robo saa au zaidi, kisha kituo cha afya siku hiyohiyo. Gimbi bichi nalo lina vichomo vidogo visivyoonekana. Mtoto akiuma jani au shina, mdomo na ulimi vinawasha na kuvimba. Ua lile la sebuleni lenye majani mapana yenye mabaka meupe, Dieffenbachia, linafanya vivyo hivyo kwa ukali zaidi. Akivimba hadi kupumua kwa shida au kudondosha mate, hilo si la kusubiri asubuhi.

Sikuandiki haya ili ufyeke kwako. Kiwanja cha shangazi kilinilisha mimi na mwanangu siku 23. Nasema piga magoti, hata kama huna mpango wa kumwalika mgeni yeyote.

Fedha sasa, maana najua wengine mmesoma hadi hapa kwa ajili hiyo. Waliolipa kiingilio ni watu wazima 87, watoto walikuwa bure: shilingi 87,000. Chai ya mchaichai na magimbi ya kuchemsha vilitoa 59,000. Miche 41,000. Jumla 187,000. Ukitoa sukari, mkaa na vikombe, 32,000, zilibaki 155,000. Zilihesabiwa na watu wawili wasio ndugu mezani, mbele ya mjumbe. Tulinunua vitu tulivyoagizwa, risiti zikabandikwa getini mwezi mzima, mvua ikazilowesha, shangazi akazibandika tena. Nauli za bodaboda na chakula cha yule mtoto alizitoa yeye mfukoni mwake. Kuna aliyeshauri zitoke kwenye mchango, kwa kuwa naye alikuwa mgonjwa. Shangazi alimtazama tu, na yule mtu akanyamaza.

Hatukupiga picha wodini. Mama mwenye njiti kifuani hajachana nywele siku kumi, na ukimkabidhi kilo ya unga huku simu imemwelekea usoni, umemuuzia huo unga. Tulimkabidhi muuguzi kiongozi, akasaini, tukaondoka.

Mwaka huu tunafungua tena, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nne. Kumekuwa na mabadiliko. Mtoto chini ya miaka sita anaingia ameshikwa mkono na mtu mzima wake, na si mkono wa dada wa miaka minane. Mfereji umefunikwa mabanzi. Minyaa ya nyuma imezungushiwa kamba mita mbili kutoka njiani. Idadi ya wageni ndani kwa wakati mmoja haizidi thelathini, wengine wanasubiri nje kwenye mabenchi. Nimetambaa tayari mara mbili, na nitatambaa tena asubuhi ya siku hiyo, kwa sababu bustani haitulii, kila usiku inadondosha kitu kipya.

Mama yake yule mvulana tunakutana sokoni. Mwaka mzima tulisalimiana kwa kichwa. Wiki mbili zilizopita alipita kwa shangazi, mimi nikiwepo, akasimama getini bila kuingia, akauliza kama ile miti mekundu bado ipo. Shangazi akamwita ndani aone mwenyewe. Akazunguka kiwanja chote polepole, akiinama kila hatua, akifunua majani makavu kwa ncha ya kiatu. Alipomaliza alisema siku hiyo atakaa yeye getini, na mtoto asiyeshikwa mkono haingii, awe wa nani.

"Na kiingilio nitalipa," akasema.

Shangazi alimpa kikonyo cha ndizi aende nacho nyumbani. Kisha akaniuliza kwa mara ya mia, hivi wale wa Uingereza wanalipa shilingi ngapi kwa hela ya hapa, na kama kweli ule mgomba wanauvisha sweta.